Barua ya wazi kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: Asiye na nyumba anasali jumuiya gani?

Kwa wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Dar es Salaam



Ndugu viongozi, ninawaandikia nikiwa mwanajumuiya wa kawaida, mama na mpangaji wa Manzese. Sina cheo parokiani. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliihusu jumuiya yangu peke yake, na kwa sababu kila ninapoligusa kwenye kikao tunaishiwa muda, tunafunga kwa sala na kwenda kunywa chai.

Jumuiya zetu zinahesabu watu kwa nyumba. Daftari la katibu limepangwa kwa kaya. Sala ya Jumamosi alfajiri inazunguka: wiki hii kwa baba fulani, wiki ijayo kwa mama fulani. Mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba tunaposali Rozari, sanamu ya Bikira Maria inalala nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Ni utaratibu mzuri, umetulea wengi wetu na umewalea watoto wetu. Lakini una pengo moja kubwa: mtu akipoteza nyumba, siku hiyohiyo anapoteza na jumuiya. Hana pa kukaribisha sala, hana zamu, hana kaya ya kuandikwa daftarini. Wakati anapotuhitaji kuliko wakati mwingine wowote ndipo jina lake linapokatwa.

Mtaani kwetu alikuwepo mama aliyekuwa anauza chapati na supu asubuhi. Mumewe alipofariki, jumuiya ilisimama. Kabla jua halijazama mchango ulikuwa umefikia pa kuridhisha: jeneza likanunuliwa, turubai likafungwa, wapishi wakapangwa zamu, basi la kusafirisha mwili likalipiwa. Tulimzika yule baba kwa heshima zote, na sikumbuki aliyelalamika. Miezi kadhaa baadaye mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, kama ilivyo desturi ya mji huu. Mtaji wa chapati ulikuwa umeliwa na ugonjwa wa mumewe. Mama hakusema kitu kwenye jumuiya. Alikosa Jumamosi moja, akakosa na nyingine, na hatimaye mbele ya jina lake likaandikwa neno moja: amehama.

Hakuwa amehama. Alikuwa analala na wanawe kwenye kibaraza cha fremu za maduka, mwendo mfupi kutoka nyumba tunazosalia. Mchana vyombo vyake vilihifadhiwa kwa muuza mkaa, usiku alivifuata. Aliyemwona akatuambia alikuwa fundi cherehani wa jirani, Mwislamu, ambaye kwa muda wote huo ndiye aliyekuwa akiwapa watoto wale chakula cha jioni.

Naomba tulitafakari hili bila kulikwepa. Jumuiya iliyoweza kumsafirisha marehemu hadi kwao Songea kwa siku mbili ilishindwa kujua kwamba mjane wake amelala nje. Uwezo tulikuwa nao na moyo tulikuwa nao. Tulichokosa ni utaratibu. Kwa msiba tuna kamati, tuna daftari la rambirambi, tuna kiwango cha mchango, tuna mtu wa kupiga simu. Kwa aliye hai anayekaribia kutolewa chumbani hatuna hata mtu wa kumwuliza.

Ninyi mnaijua Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu katika mkoa huu, na sehemu kubwa ya hao tunaishi vyumba vya kupanga. Anayetafuta chumba anadaiwa miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Ili uingie unatakiwa uwe na 350,000 mkononi siku moja. Mtu anayepata 8,000 kwa siku anaweza kabisa kulipa 50,000 kila mwezi akajibana, lakini hiyo laki tatu na nusu kwa mkupuo haipati. Hapo ndipo watu wanapoangukia. Wengi wanaolala nje mji huu wanafanya kazi, na wengine wanafanya kazi ngumu kuliko mimi na wewe.

Kuna mlinzi wa usiku ambaye lindo ndilo chumba chake: mchana anasinzia chini ya mwembe, usiku anakaa macho akilinda nyumba ya mtu. Kuna kijana wa bodaboda anayelala kijiweni juu ya pikipiki ya tajiri. Kuna machinga wanaolala juu ya mabunda ya bidhaa zao Kariakoo. Na yupo dada wa kazi. Huyu naomba nimsemee zaidi, maana yumo ndani ya nyumba zetu zenyewe. Tunaposali Jumamosi yeye yuko jikoni akichemsha chai ya wanajumuiya. Jina lake halimo daftarini. Limeandikwa jina la familia anayoifanyia kazi. Siku wakikosana na bosi wake, saa mbili usiku anatolewa nje na mfuko wake wa nguo, na kwao ni Singida au Iringa. Hana ndugu mjini, hana nauli, na kwa kuwa hajawahi kuandikwa popote hata sisi tuliokunywa chai yake hatuna wajibu naye kwa mujibu wa daftari. Nimewaona mabinti wa namna hii kituo cha mabasi, na nimeona nani anayewafuata kwanza kuwapa msaada. Kwa kawaida si mtu mwema.

Jumuiya hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya kukusanya bahasha tu. Maaskofu wa nchi zetu, chini ya umoja wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe kuanzia chini, kwa vikundi vidogo ambavyo watu wake wanajuana kwa sura, wanasali pamoja na kubebana katika maisha ya kila siku. Parokia yenye waumini maelfu haiwezi kujua nani amelala njaa. Jumuiya ya kaya thelathini inaweza. Ndiyo sababu ya udogo wake.

Tunapenda kulisifu Kanisa la kwanza la Yerusalemu, lile la Matendo ya Mitume, kwamba walishiriki mali zao na hakuwepo mhitaji kati yao. Tusome na sura ya sita. Hata pale watu walisahauliwa. Wajane waliosema Kigiriki walirukwa katika mgao wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwatuliza kwa maneno. Waliitisha mkutano, wakachagua watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Na ukiyatazama majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Usimamizi ulikabidhiwa kwa upande ule uliokuwa umesahauliwa. Je, katika kamati zetu za huruma kuna mtu hata mmoja aliyewahi kufungiwa chumba na mwenye nyumba? Au tumewachagua wenye magari kwa kuwa wana nafasi ya kubeba unga?

Jambo jingine ninaloliwaza mara kwa mara lilitokea Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa, mwezi wa Agosti mwaka 1617. Padre Vinsenti wa Paulo, paroko mgeni pale, alikuwa anajiandaa kwa Misa alipoletewa habari kwamba nje kidogo ya mji kuna familia iliyolala kwa ugonjwa nyumba nzima, hakuna hata mmoja wa kumhudumia mwenzake. Alilisema jambo hilo kwenye mahubiri. Alasiri alipokwenda kuwaona akakuta njia imejaa watu, wengine wanakwenda na vyakula, wengine wanarudi. Chakula kililetwa kingi hata kikazidi. Vinsenti alifurahi, lakini aliona tatizo ambalo wengine hawakuliona: leo wagonjwa wana chakula cha kuwazidi, kesho kutwa kitaharibika, na wiki ijayo watakuwa pale pale walipokuwa. Upendo ulikuwa mwingi na haukuwa na mpango. Akawakusanya wanawake wa mji, wakaanzisha chama na kuandikiana kanuni: nani atahudumu leo, nani kesho, fedha atunze nani, chakula kiandaliwe vipi. Katika kanuni hizo kuna kipengele kimoja kinachonigusa sana. Anayepeleka chakula aanze na wagonjwa wenye watu wa kukaa nao, na amalizie kwa walio peke yao, ili hao apate kukaa nao muda mrefu zaidi.

Wanawake wale walielewa kuwa kumpelekea mtu chakula na kukaa naye ni kazi mbili. Kwetu sisi, nyingi za ziara za huruma zina kazi moja, na wakati mwingine ya pili ni picha. Tunapanga siku moja ya Kwaresima au kabla ya Noeli, tunavaa vitenge vya sare, tunabeba mchele, sabuni na mafuta, tunakwenda kituo cha kulelea watoto, tunawapanga watoto mbele ya mizigo, simu zinatolewa. Kabla ya jioni picha ziko kwenye kundi la parokia. Sisemi chakula hicho hakifai. Masista wanaolea watoto wanakihitaji na wanashukuru. Nasema mtoto yule hakuulizwa kama anataka kuonekana hivyo, na mama anayelala kibarazani akiona picha zile anajifunza kwamba bei ya msaada wetu ni sura yake. Ataendelea kukaa kimya. Naomba parokia zetu zikubaliane kwamba anayepokea msaada hapigwi picha. Hilo halihitaji hata shilingi moja.

Tumewaachia watawa na wengine kazi hii kwa muda mrefu. Masista wa Mama Teresa walifika Tabora mwaka 1968 na tangu wakati huo wamewapokea watu ambao hakuna mwingine aliyewataka. Hapa Dar es Salaam, Kituo cha Dogodogo kilianzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, kwa ajili ya watoto wa mitaani. Wenzetu wa Jeshi la Wokovu wana shule ya Matumaini kwa watoto wenye ulemavu. Nawaheshimu wote kwa dhati. Lakini wao wanawapokea walioanguka tayari. Jumuiya peke yake ndiyo iliyo karibu kiasi cha kumwona mtu anapopepesuka, miezi miwili kabla vyombo vyake havijawekwa uani.

Sasa niseme ninachoomba.

Naomba kila jumuiya iwe na mfuko wa kodi, uliotengwa na rambirambi, uliotengwa na ujenzi wa kanisa, usioguswa hata kwa sherehe ya somo wa jumuiya. Kaya thelathini zikitoa shilingi 1,000 kila wiki, kwa mwaka ni 1,560,000. Kwa hesabu ya chumba niliyoitoa juu, hizo zinaingiza ndani familia nne, na kinabaki cha kulipia nauli ya dada wa kazi arudi kwao au dawa ya mtu aliyelazwa. Zikitolewa kama mkopo usio na riba, unaorudishwa kidogo kidogo, mwaka unaofuata zinaingia familia nyingine. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaendesha vikoba vyenye fedha nyingi kuliko hizo na hesabu zao hazipotei senti. Ujuzi upo, tusisubiri semina.

Kubwa zaidi, na hili nalisema nikijua litawagusa baadhi yenu, wenye nyumba wamo ndani ya jumuiya. Mwenye nyumba na mpangaji wake wanakaa mkeka mmoja Jumamosi alfajiri, wanapeana amani, na Jumatatu mmoja anamfungia mwenzake mlango kwa kufuli. Naelewa mwenye nyumba naye ana ada za shule na anaogopa mpangaji atakayekaa miezi mitatu bila kulipa. Basi jumuiya iwe mdhamini. Mwenye nyumba mwanajumuiya akubali kupokea kodi mwezi kwa mwezi kwa mtu aliyedhaminiwa, na mpangaji akikwama mwezi mmoja mfuko umlipie wakati anajipanga. Fedha inayohitajika hapo ni ndogo kuliko ile ya miezi sita, na inawagusa watu wengi zaidi. Mwenyekiti mmoja mwenye vyumba vinane akiamua hivyo kwa vyumba vyake viwili tu, atakuwa amefanya zaidi ya magunia ya Noeli ya miaka mingi.

Naomba pia katibu asiandike "amehama" mpaka watu wawili wa jumuiya wamemtafuta na kuzungumza naye. Na kwenye daftari uwepo ukurasa wa wasio na nyumba: wale wanaolala katika eneo la jumuiya, vibarazani, kijiweni, kwenye lindo, pamoja na madada wa kazi kwa majina yao wenyewe. Rozari ya Oktoba inaweza kabisa kusaliwa barazani pa maduka wanapolala. Sanamu ya Mama Maria haitachafuka.

Kuna desturi moja inayowafukuza maskini kabla hata hawajapoteza chumba. Ni kusoma majina ya wasiotoa michango. Mtu aliyebakiwa na 2,000 ya unga anasikia jina lake likisomwa mbele za watoto wake kwamba anadaiwa ya kutegemeza parokia. Wiki ijayo haji. Baadaye akitaka barua ya jumuiya ili mwanawe abatizwe, anaambiwa kadi yake haina mihuri. Nawasihi, acheni kusoma majina. Mtunza hazina amfuate mtu nyumbani kwake, waongee wawili. Mara nyingi deni la michango ndiyo dalili ya kwanza kwamba nyumba ile ina shida, na tumekuwa tukiitumia dalili hiyo kumwaibisha mwenye ugonjwa.

Najua majibu nitakayopewa. "Watatudanganya." Ndiyo, mmoja atatudanganya, na hata kwenye harusi wapo wanaoahidi mchango na hawatoi, lakini hatujaacha kufanya harusi. "Watazinywea pombe." Kodi inalipwa kwa mwenye nyumba moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mtu. "Wengine si wa kwetu." Ni kweli, na yule fundi cherehani naye hakuwa wa kwetu. Jirani zetu Waislamu wanatoa sadaka na kufuturisha mtaa mzima bila kuuliza cheti cha ubatizo. Sisi hatuna sababu ya kuuliza. "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali ina wajibu wake, na imejaribu kwa namna yake: mwaka 1983 ilipitisha sheria ya nguvukazi na kuwakusanya wasio na kazi mjini kuwapeleka vijijini. Walisombwa kwa malori, na wengi walirudi. Kumwondoa mtu barabarani kwa gari kunawezekana kwa mchana mmoja, kumjua jina na kumsimamia mpaka atulie kunahitaji majirani. Na Caritas, shirika la huduma la jimbo, haiwezi kukaa kwenye kila ua wa Tandale.

Ndugu zetu Walutheri wa KKKT mnaosali jumuiya majumbani kama sisi, barua hii ni yenu pia. Mtaa mmoja una jumuiya yenu na yetu. Hakuna kinachozuia tuwe na mfuko mmoja.

Papa Fransisko alianzisha Siku ya Maskini Duniani, na tangu mwaka 2017 inaadhimishwa Novemba, Jumapili moja kabla ya Kristo Mfalme. Parokia nyingi huwa zinapika pilau siku hiyo. Naomba mwaka huu, pamoja na pilau, kila mwenyekiti asimame na kusoma mambo matatu: watu wangapi wanalala nje katika eneo la jumuiya yake, wangapi wamewekewa udhamini wa chumba, na mfuko wa kodi una shilingi ngapi. Kama ni sifuri, asome sifuri, na paroko aandike.

Jumamosi ijayo baada ya sala, kabla chai haijamiminwa, someni barua hii kwa sauti na mteue watu wawili wa kuzunguka mtaa usiku wa kuamkia Jumapili. Mmoja wao awe mpangaji. Mimi nimeshajiandikisha kwa jumuiya yangu.

Wenu katika Kristo,
Mwanajumuiya, Manzese, Dar es Salaam